Miaka Tuliyopalilia Reli

Enzi zetu pale Kindu tulijua saa kwa masikio. Asubuhi ilianza na adhana, ikafuata kengele ya misheni, kisha king'ora cha gare, stesheni ya treni, kikawaita baba zetu kazini. Mchana, siku za bahati, masuwa, meli ya mtoni, iliyopanda kutoka Ubundu ilipiga honi kabla haijatokeza kwenye kona, na mwalimu wetu wa hesabu akafunga kitabu bila kuambiwa, maana hakuna mtoto wa Kindu aliyeweza kugawanya namba huku masuwa inaingia bandarini. Wa rika langu mnanielewa. Wadogo zetu wa leo, wanaoamshwa na simu na bado wanachelewa, wataona natia chumvi. Sitii.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila Jumamosi asubuhi natoka na jembe langu, naenda mpaka kwenye reli mbele ya nyumba niliyozaliwa, napalilia. Vijana wanaosubiri abiria juu ya pikipiki zao hunicheka kwa adabu. "Dada Feza, treni iko inakuja lini?" Wengine hawacheki, wananionea huruma, na hao ndio wananiudhi zaidi. Basi wakae chini wasome.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali mekundu ambazo Wabelgiji walizipanga kwa mstari mmoja, zote zimeelekea njia ya treni. Baba alikuwa mashinisti, yaani mwendesha treni. Msaidizi wake pale mbele alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, Baba Zaina. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza kwetu, Zaina wa kwanza kwao, kwa hiyo mama zetu walikuwa Mama Feza na Mama Zaina, na sijui kama kuna mtu kambini aliyeyajua majina yao mengine. Sisi tulikwenda misa, wao walikwenda msikitini. Krismasi walikula kwetu, Idi tulikula kwao, na siku nyingine tulikula popote palipotoa harufu nzuri.

Na harufu zilikuwepo. Wali wa mpunga wa Maniema uliotwangwa asubuhi ile ile, sombe, yaani majani ya mihogo, iliyopikwa na mawese mapya mpaka mafuta yanaelea juu, na samaki wa kukaushwa waliokuja na mitumbwi kutoka Lokandu, wale ambao harufu yao inabaki vidoleni mpaka kesho darasani. Leo kijana anapewa sahani kama hiyo, anaipiga picha kwanza, anaituma kwa watu ambao hawatakula, na chakula kinapoa. Mama yangu angemchapa na mwiko.

Wasichana tulicheza nzango, tukirusha miguu na kupiga makofi mpaka vumbi linatufika kwenye nywele. Wavulana walisukuma rimu za baiskeli. Na sote, wasichana kwa wavulana, tuliweka vizibo vya chupa juu ya reli ili treni ivikanyage viwe bapa, na sote tulichapwa kwa ajili hiyo. Baba alikuwa mtu mpole, lakini kwenye jambo hilo hakuwa na mchezo. Alituambia reli ni kitu cha kuheshimu, hata pale ambapo hakuna treni juu yake.

Jiografia ya Kindu tuliijua kwa miguu kabla ya kuisoma. Mto Lualaba unapita katikati. Upande wetu, magharibi, kuna bandari, gare, soko, na mitaa ya Kasuku na Mikelenge; ng'ambo ya pili kuna Alunguli. Kuvuka ni kwa mtumbwi. Asubuhi wanawake wa Alunguli walikuja na mihogo, mkaa na ndizi, na wapiga kasia wao hawakuelekeza mtumbwi moja kwa moja kwetu. Walipanda kwanza kandokando ya ukingo, mbali huko juu, halafu wakaingia katikati, na mto wenyewe ukawashusha mpaka mahali walipotaka kufika. Mgeni aliyejifanya mjuaji akaelekeza mtumbwi wake moja kwa moja, tulimwona akipita mbele yetu anakwenda zake chini ya mto, na jioni alirudi kwa miguu amebeba kasia.

Na kwa nini mji uko hapa na si kwingine? Kwa sababu juu ya Kindu mto una mawe na maji makali, masuwa haipiti. Pale masuwa inapoishia ndipo treni inapoanza. Mzigo ulipanda kutoka Kisangani na Ubundu, ukainuliwa na gru ya bandari, ile kreni ndefu, ukawekwa kwenye mabehewa, ukaenda Kibombo, Kongolo, mpaka Kalemie kwenye ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna reli nyingine inayofika baharini. Baba alituchorea njia hiyo na kijiti mchangani. Nilipomwona anatia nukta kwenye Kindu, nilijiona ninaishi katikati ya dunia, na niwaambie ukweli, sijaacha kujiona hivyo.

Historia tulipewa na koko, mama wa mama yangu, aliyezaliwa Alunguli na kuolewa upande huu. Alisema kabla ya reli kulikuwa na misafara ya Waungwana, watu wa kanzu, walioleta mpunga, dini na hiki Kiswahili chetu. Walileta pia minyororo, na koko hakuwahi kuiruka sehemu hiyo ili hadithi iwe tamu. Kisha wakaja Wazungu, wakajenga bandari, wakauongezea mji jina la tajiri wao mmoja, jina ambalo wenyeji hawakulitumia mpaka likaanguka lenyewe. Nyumba zao zilikaa kando ya mto penye upepo, na jioni ikiingia mtu mweusi asiye na kazi huko alitakiwa awe ameshaondoka. Baba wa koko alibeba mataruma ya reli begani, yale ya chuma, na wenzake wengi hawakurudi kwao. Koko akifika hapo sauti yake ilibadilika.

"Wazungu walileta chuma," alisema. "Walioilaza chini njo baba zetu."

Nadhani ndiyo maana kambini kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kikosi cha kampuni ya reli kilifyeka majani nje ya mji, lakini kipande cha reli kilicho mbele ya kila nyumba kilikuwa cha mama wa nyumba ile. Jumamosi ni salongo, kazi ya wote. Kila mama alitoka na watoto wake na majembe, wakang'oa kila jani katikati ya vyuma viwili na hatua chache kila upande, na ole wake ambaye kipande chake kilikuwa kichafu kuliko cha jirani. Halafu, siku mkubwa wa kampuni alipotarajiwa kuja na treni yake maalumu, mawe ya kandokando yalipakwa chokaa. Mji mzima ulilijua jambo hilo. Mawe yakiwa meupe, treni iko njiani, na wanawake walianza kukaanga maandazi ya kuuza gare.

Halafu vikaja vita. Sitaeleza nani alipigana na nani, maana hata wenyewe walibadilisha majina katikati ya kupigana. Nasema tuliyoyaona. Baba na Baba Zaina waliondoka na treni kwenda kusini, siku ya kawaida kabisa, mama amemfungia baba wali na maharage kwenye kopo lenye mfuniko. Mapigano yakakata njia kati yetu na wao. Treni haikurudi. Masuwa nazo zikaacha kuja, na mji ambao ulikuwa unapitisha watu na mizigo ya kila aina ukawa kama mfuko uliofungwa kamba mdomoni.

Nje ya mji kulikuwa na wenye bunduki, na aliyekwenda shambani hakujua kama atarudi. Chumvi ilikuja na ndege mara chache, tukawa tunaihesabu punje kwa punje. Basi Kindu ikaanza kujilima yenyewe. Watu walilima uwanja wa mpira, ua wa misheni, kandokando ya makaburi, na bandarini chini ya gru mihogo ilikua mpaka ikaficha vyuma. Mbele ya kambi, kwenye miteremko ya pande zote mbili za reli, tulipanda mahindi, mihogo na matembele. Katikati ya reli hakuna aliyepanda. Mama alikuwa amesema hapana. Hakuwa na cheo chochote pale, wakubwa wa kampuni walikuwa wamekwisha kuondoka; alisema tu, na kila Jumamosi akatoka na jembe kana kwamba king'ora bado kinalia.

"Treni itarudi," alisema. "Isikose fasi ya kupita."

Sisi watoto tulimwelewa vizuri. Treni maana yake baba. Kipande kile cha ardhi, chembamba vile, ndicho kilichokuwa kimebaki kati yetu na yeye, na mama alikuwa amekata shauri kwamba majani hayatakichukua.

Njaa ilipokuwa kali zaidi, Mama Zaina alichoka. Alikuwa na watoto wengi kuliko sisi, na mdogo wao alikuwa amevimba miguu na nywele zimegeuka rangi. Asubuhi moja tulikuta matembele katikati ya reli, kwenye kipande chake, yamepandwa kwa mstari mzuri na kumwagiliwa maji. Mama alikwenda akasimama mbele yake. Nayakumbuka maneno yao kwa sababu hakuna aliyepandisha sauti.

"Mama Zaina, treni itapita wapi?"

"Treni gani, Mama Feza? Watoto wanataka kula leo. Hawakule treni."

Mama aliyatazama matembele. Kung'oa chakula cha mtoto mgonjwa asingeweza, na kuiacha njia izibwe asingeweza pia. Alirudi ndani, akakaa, akanywa maji, akakaa tena. Alasiri alitoka akamwambia Mama Zaina kwamba kuanzia siku ile nusu ya mteremko wetu ni wake, pamoja na mihogo iliyosimama juu yake, ile iliyokaribia kukomaa. Kisha akatukusanya sisi na akina Zaina, tukayahamisha matembele mche kwa mche kutoka katikati ya reli hadi kwenye mteremko, na udongo wake. Nililia nikifanya kazi hiyo. Nilijua nusu ya mihogo ni nusu ya sahani yangu, na siku ile nilimchukia mama, chuki ya kweli, ya mtoto mwenye njaa. Mama Zaina naye hakushukuru. Jumamosi iliyofuata alipalilia kipande chake kwa hasira, akichimba kama anayetafuta mtu wa kumpiga. Lakini alipalilia, na kila Jumamosi iliyofuata vilevile.

Kosa la chokaa lilikuwa la mama, na tulimtania nalo mpaka uzeeni. Ilikuwa karibu na Krismasi. Katika ghala la zana alikuta chokaa iliyobaki, imeanza kushika unyevu, akaona ni dhambi kuiacha iharibike. Akatupa ndoo na brashi za makuti. Tulipaka mawe yote mbele ya kambi, tukajipaka na sisi wenyewe, na kwa muda mrefu hatukuwa tumecheka kama siku ile. Mtu wa mji mwingine angeona mawe meupe akapita zake. Watu wa Kindu waliyaona mawe meupe wakaenda kufungasha.

Asubuhi yake tuliamka na kukuta watu wamejaa kandokando ya reli. Habari ilikuwa imefika soko la Mikelenge, ikavuka mto. Mzee mmoja alikuja na koti la suti na sanduku. Mama mmoja wa Alunguli alikuja na kuku aliyefungwa miguu, wa kumpelekea binti yake Kongolo. Wapakuzi wa zamani wa bandari walikaa kwa vikosi vyao kama zamani, kila kikosi na kiongozi wake, tayari kwa mzigo. Kuna waliovaa vikwembe, vitenge vyao vya harusi. Jua lilipanda, na wote wanatazama kusini.

Ilibidi mama aende kuwaambia, mtu kwa mtu, kwamba hakuna treni, ni chokaa tu. Wengine walicheka, wengine walimtukana, na yule mama wa kuku alikaa chini akalia waziwazi, kuku mapajani. Askari wawili wakaja kuuliza ni nani aliyepata habari kutoka kusini, na kwa njia gani. Hapo ndipo nilipoogopa, maana watu walikuwa wanapotea kwa maswali madogo kuliko hayo. Mama aliwaonyesha ndoo. Wakaitazama ndoo, wakatazama mawe, wakatutazama sisi watoto wenye chokaa masikioni, na mmoja wao akaomba matembele ya kupika, akachumiwa, wakaenda zao. Koko alicheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke.

Mama alikuwa na aibu, na kwake aibu haikukaa sana bila kugeuka kazi. Aliingia ndani, akatoka na majembe yetu yote, akamkabidhi moja yule mzee wa koti.

"Muzee, kwa kuwa mumefika," alisema, "majani iko mingi kule mbele."

Mzee aliweka sanduku chini. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri juu ya sanduku, akashika mpini. Kuku alifungwa kwenye taruma, na mwenye kuku akainama pamoja na wengine. Wapakuzi walichukua panga. Siku ile mji ulipalilia reli kutoka kambini mpaka nyumba za mwisho, na kupita, mpaka pale askari walipopiga mluzi kusema basi. Sitadanganya kwamba wote walirudi Jumamosi iliyofuata. Walirudi wa kutosha.

Baba alirudi msimu wa mvua, mchana, kwa miguu. Mama alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Baba alitokea kusini, katikati ya reli, mtu mwembamba mwenye fimbo na shati la gunia, lakini alikuwa anakanyaga taruma hadi taruma bila kuangalia chini, na hakuna anayetembea hivyo ila watu wa treni. Mama alifuta mikono kwenye kikwembe, akaanza kwenda kumpokea kwa hatua ya kawaida, ya mtu mzima. Hatua ikamshinda, akakimbia.

Baba alimshika, akatushika sisi wote, kisha akatuachia. Hakuingia kwetu. Alikwenda kwanza mlango wa pili, akavua kofia, akamwambia Mama Zaina kwamba mumewe amefariki. Treni yao ilikamatwa kwenye kituo kidogo huko kusini, ikaporwa, na wao wawili wakaamua kurudi nyumbani kwa kufuata reli, wakijificha vijijini kila mapigano yalipokaribia. Homa ilimshika Baba Zaina kabla ya kufika Kibombo. Wanakijiji Waislamu walimwosha, wakamswalia, wakamzika vizuri, na baba alipaona mahali na anaweza kupaonyesha. Mama Zaina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama alikuwa na nguo ya kuzikwa nayo. Baba akasema ndiyo, sanda ilipatikana. Ndipo akaanguka.

Siku kadhaa baadaye baba alitusimulia safari yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sehemu nyingi aliziruka. Hii hakuiruka.

"Kila fasi majani imefunika reli," alisema. "Natafuta chuma na muguu, kama kipofu. Halafu nikafika fasi reli inaonekana, zote mbili. Nikakaa chini. Nikasema, kumbe watu wangali."

Mama aliposikia hivyo alitoka nje, akasimama huko peke yake. Mimi nilikumbuka ile nusu ya mihogo, na nikaona haikuwa kitu.

Mama Zaina alikaa eda ndani ya nyumba yake, kama dini inavyomtaka mjane, na muda wote huo sisi tulipalilia vipande viwili, chetu na chake. Tulifanya kimya, maana dirisha lake lilielekea reli. Sasa hatukuwa na mtu tuliyekuwa tunamngoja. Baba alikuwa nyumbani, anakula, ananenepa. Nilimwuliza mama kwa nini bado tunafanya, akaniambia nishike jembe vizuri. Nadhani hata yeye alikuwa hajui. Eda ilipoisha, Jumamosi ya kwanza, mlango wa pili ukafunguliwa, Mama Zaina akatoka na jembe. Mama aliliacha lake akamwendea haraka, akamshika mkono.

"Dada, wacha. Kipande yako tutalima sisi. Wewe sasa hauna..."

 Mama Zaina alijitoa taratibu mkononi mwake, akainama, akaanza kung'oa.

"Mama Feza," alisema bila kuinua kichwa, "kungali wengine mu njia."

Mama aliliokota jembe lake, akainama kando yake. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nimemsikia mtu mkubwa. Sijakutana na mwingine wa kiasi chake mpaka leo, na nimekutana na wenye magari na walinzi.

Vita viliisha, kwa karatasi zilizotiwa saini mbali na sisi. Baada ya muda mrefu treni ya kwanza ikaja. Ilikuja polepole mno, vijana wenye panga wanatangulia mbele yake kufyeka njia, maana huko kote ilikuwa msitu. Walipofika kwenye nyumba za kwanza za Kindu waliona hakuna cha kufyeka, wakaweka panga begani, wakatembea tu. Watu walishuka wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kijana mmoja alipokelewa na mama yake ambaye alikwisha kumkalia matanga. Mama Zaina alikuwa pale, nilimwona, anatazama nyuso zote zikishuka, na alipiga vigelegele kwa ajili ya yule kijana kuliko mama mzazi.

Leo treni ikifika Kindu ni habari, na ikiondoka ni habari zaidi. Gru bandarini imeshika kutu. Baiskeli zikaja, pikipiki zikazifukuza baiskeli, na watoto wa shule wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko vituo vilivyo kati ya hapa na Kongolo. Nikiwauliza kwa nini mji wao uko hapa, wananiambia niangalie kwenye simu. Zamani msafiri akiondoka hatukujua lolote mpaka arudi. Sasa anafuatwa kwa simu kila kituo: umefika wapi, umekula nini, tuma picha. Na simu ikizimika siku mbili tu, rafiki zake wameshaweka picha yake na mshumaa na maneno ya kumwombea apumzike, halafu anajitokeza mwenyewe kuwauliza wanamlilia nani, betri iliisha. Ninawacheka, lakini kicheko changu hakiendi mbali. Mashariki kunawaka tena. Katika mitaa hii hii kuna nyumba ambazo mtoto wao alikwenda kutafuta maisha, na simu yake haijazimika siku mbili, imezimika miezi, na majirani wanashauri kwa upole kwamba sasa mtandaze mkeka mlie yaishe. Enzi zetu nani angemwambia mama neno kama hilo? Tulikuwa na njaa kuliko wao, tulikuwa na hofu kuliko wao, na habari hatukuwa nazo kabisa. Hilo la kukata tamaa mapema ndilo ambalo hatukujifunza, na ninasikitika kuona linafundishwa sasa kana kwamba ni akili.

Mama amefariki, baba pia. Mama Zaina tulimzika miaka ya karibuni, na Zaina anaishi Kisangani na watoto wake. Mimi ni mshonaji, sina cheo reli, na mgongo wangu unalalamika ninapoinama. Treni itakuja lini sijui, na wala si yenyewe ninayoifikiria nikiwa pale. Namfikiria mtu asiyejulikana, wa nyumba yoyote, anayetembea huko kusini akitafuta chuma kwa mguu. Mvua imenyesha wiki nzima na majani yamepanda. Jumamosi nitaanza na kipande cha Mama Zaina.